Dhahabu Isiyo na Shimo

Siku hizi ukitaka kumsifu mwizi unamwita kichwa. "Jamaa ni kichwa, bana." Tunaisema tukitazama video za mabwana wa wash wash wakimwaga noti mezani, gari nyuma, mlinzi kando, muziki juu. Na mazungumzo yakikolea, lazima atokee mtu aliyetuzidi umri, akohoe kidogo, aseme nyinyi watoto hamjaona kitu: wash wash yenyewe ilikuwa Goldenberg, na kichwa chenyewe kilikuwa Kamlesh Pattni. Nimeisikia kwa kinyozi pale Amalemba. Nimeisikia kwenye matatu ya Mumias, dereva akipunguza redio ili naye achangie. Nimeiona hata kwenye kikundi cha WhatsApp cha mchango wa mazishi, kati ya ujumbe mbili za M-Pesa.

Mimi hiyo sifa naikataa. Sina haja ya kumhubiria mtu. Naikataa kwa sababu ni uongo, na ni uongo unaowafaa watu fulani sana.

Tuanze na dhahabu, maana hii kitu sisi wa Kakamega tunaijua. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aliipata kwenye mito ya huku, na punde si punde wazungu wakamiminika na mahema. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi za Waafrika ili shamba la mtu litwaliwe kwa uchimbaji na mwenyewe alipwe pesa badala ya kupewa shamba lingine. Wenye ardhi hawakuulizwa. Sheria iliyobadilishwa ilikuwa na miaka miwili tu, na ilikuwa imewaahidi kwamba ardhi hiyo ni yao milele. Kwa hiyo kalamu ilitangulia kufika Kakamega kabla Pattni hajazaliwa, na ilikuja kwa ajili ya dhahabu hiyohiyo.

Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Kampuni ikaenda, mashimo yakabaki, watu wakaendelea wenyewe. Nenda Ikolomani leo utawakuta. Shimo linachimbwa kwa mkono na kushikiliwa kwa miti. Mtu anashuka kwa kamba, tochi kichwani. Mawe yanapanda kwa ndoo hadi kwa wanawake, ambao wanayaponda kwa nyundo wakiwa wamekaa chini, mtoto kando. Halafu kinu, halafu maji, halafu zebaki inayokorogwa kwenye karai kwa mikono mitupu, halafu moto. Kinachobaki unaweza kukipoteza kwenye mstari wa kiganja. Dalali anakiweka kwenye mizani yake ndogo, na bei ni ile atakayoisema yeye. Mvua ikizidi, shimo huporomoka na watu wako ndani. Mnajua hizo habari: siku mbili runingani, kisha kimya.

Sijawahi kumsikia mtu akimwita mama anayeponda yale mawe kichwa. Sheria ya Madini ya 2016 ndiyo iliyomtambua mchimbaji mdogo na kumwekea kibali chake. Kabla ya hapo alikuwa mvamizi kwenye shamba la babake.

Sasa turudi 1990. Pattni hajafikisha miaka thelathini. Anaunda kampuni inayoitwa Goldenberg International. Mkurugenzi mwenzake ni James Kanyotu. Kama jina hilo halikwambii kitu, muulize mzee yeyote aliyewahi kunong'ona enzi za Nyayo: Kanyotu alikuwa mkuu wa Special Branch, idara ya ujasusi. Yaani ofisi iliyopaswa kunusa wizi ndiyo ilikuwa mshirika kwenye kampuni.

Kampuni inaiandikia Wizara ya Fedha. Inataka iwe peke yake yenye ruhusa ya kuuza nje dhahabu na vito vya almasi kutoka Kenya. Inaahidi kuleta dola milioni 50 kila mwaka. Wakati huo mtu akiuza bidhaa nje na kuleta dola, serikali ilikuwa ikimlipa fidia ya asilimia 20 ili kumtia moyo. Goldenberg inataka asilimia 35. George Saitoti, Waziri wa Fedha na pia Makamu wa Rais, anakubali.

Kenya haichimbi almasi. Na dhahabu ya Kenya wakati huo ilikuwa hii yetu na ile ya Migori, ya ndoo na karai. Kama kweli kuna kampuni iliyokuwa ikiuza nje dhahabu ya mamilioni ya dola, ingebidi ipite mikononi mwa watu wa huku. Dalali wa Khayega angekuwa na ghorofa. Hana. Bado anakuja na boda.

Lakini fomu za forodha zilisema mzigo umetoka, na Benki Kuu ikalipa. Pattni akafungua benki yake, Exchange Bank, na mambo yakapanuka: mikopo ya kufadhili mauzo ambayo hayajafanyika, mikataba ya dola ambazo hazikufika. Mwaka 1993 Wizara ya Fedha ilitoa shilingi bilioni 5.8 kwa mkupuo wa malipo ambao baadaye ukawa kiini cha mashtaka. Tume iliyoundwa na Rais Kibaki mwaka 2003, chini ya Jaji Samuel Bosire, ilifuatilia shilingi bilioni 158.3 zilizozunguka kati ya Goldenberg na watu na makampuni 487. Mia nne themanini na saba. Hicho ni kijiji kizima, kina chifu na kanisa.

Haya, niambie. Kichwa kiko wapi hapo?

Mlaghai wa kweli anakudanganya wewe usiyejua. Hapa nani alidanganywa? Waziri alijua Kenya haina almasi. Forodha walijua nini kimepita na nini hakijapita. Benki Kuu ilikuwa na makarani wanaojua kusoma. Hakuna hatua hata moja kwenye mpango ule ambayo ingepita bila mtu anayelipwa mshahara na serikali kushika kalamu na kuandika jina lake. Nipe mkuu wa ujasusi awe mshirika wangu, nipe waziri wa kuniandikia ndiyo, nipe Benki Kuu inayolipa, halafu njoo Ijumaa uone kama sitakuwa kichwa na mimi.

Mfadhili wa uhalifu uliopangwa si yule wa sinema mwenye sigara nene na paka mapajani. Kazi yake ni kama ya bomba. Upande mmoja kuna hazina ya umma, upande wa pili kuna watu wenye kiu, na yeye ni njia ya katikati. Bomba halina akili. Bomba lina mahali lilipowekwa. Ndiyo maana kila tunaposema "Pattni aliiba" tunakuwa tumewaacha wenye mtambo waende zao nyumbani, na wengi walienda kweli, wakazikwa kwa heshima zote.

Kuna kingine kinachoniudhi, na hiki nakisema polepole kwa sababu nakisikia kwetu. "Yule Mhindi." Hadithi nzima inafupishwa kuwa yule Mhindi. Ni tamu kwa sababu inatuosha. Lakini Saitoti hakuwa Mhindi. Kanyotu hakuwa Mhindi. Rais aliyekuwa Ikulu miaka yote hiyo hakuwa Mhindi. Mtu aliyezaliwa Kenya akashirikiana na wakubwa wa Kenya kuipora Kenya ni Mkenya, na wizi wenyewe ni wa hapahapa kama ugali. Ukimfanya mgeni, umewasaidia wenyeji wote waliotia saini.

Angalia miaka yenyewe basi. Mwishoni mwa 1989 hospitali za umma zilianza kutoza wagonjwa. Mwaka 1991 vyuo vikuu vya umma vikaanza kutoza wanafunzi karo moja kwa moja. Neno lililotumika lilikuwa la kiungwana sana: kugawana gharama. Serikali haina pesa, wananchi wachangie kidogo. Mama mjamzito achangie. Mtoto wa fundi wa baiskeli achangie. Na katika miezi ileile, ofisi zilezile zilikuwa zikimlipa mtu asilimia 35 juu ya dhahabu ambayo haikuwahi kuchimbwa. Mama yule alikuwa akigawana gharama na nani, hasa?

Novemba 1991 wafadhili wa nje wakasimamisha misaada. Desemba 1992 ukaja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu enzi hizo zirudi, na pesa zikamwagika kama mahindi ya gunia lililopasuka. Sisi wa Kakamega tuna alama yetu humo: noti mpya ya shilingi 500 ilipewa na wananchi jina la Jirongo, kutokana na Cyrus Jirongo wa Lugari, aliyeongoza Youth for KANU '92. Watu hucheka wakikumbuka. Noti yenye jina la kijana wetu! Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Kukhu yangu hakumbuki asilimia. Anakumbuka kwamba 1993 dukani kwake alianza kuuza sukari kwa kijiko, na mafuta ya kupikia kwa kifuniko cha soda, na kwamba walimu ndio waliokuwa wateja wa vijiko. Walimu, watu wa mshahara.

Mtu ataniambia hayo ni ya zamani, songa mbele. Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kusimama kwenye ubao wa matangazo wakitafuta jina lao kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani. Mimi nilisimama, mwaka wa tatu. Jina halikuwepo, salio lilikuwepo. Nikarudi nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandika: tangazo la sabuni leo, hotuba ya harusi kesho, makala kama hii mhariri akiwa na bajeti. Sidai kwamba Pattni binafsi ndiye aliyenitoa darasani, itakuwa upuuzi. Nadai kwamba nchi iliyozoea kumwambia mwanafunzi achangie na kumlipa mwenye barua ya waziri haikubadilika yenyewe usiku mmoja kwa sababu kampuni moja ilifungwa. Ilibadilisha jina la kampuni. Tumepata Anglo Leasing, tumepata NYS mara mbili, na kila mara kuna "mfanyabiashara" fulani katikati, kijana, amevaa vizuri, na mitandaoni tunaandika: jamaa ni kichwa.

Halafu kuna ile hoja ya mwisho, ambayo huletwa kama kete ya ushindi: lakini hakuwahi kufungwa. Kweli. Pattni hajawahi kupatikana na hatia kwa Goldenberg, na mimi sitajifanya mahakama. Ila hebu tuone njia iliyotufikisha hapo, tusiipite haraka.

Tume ya Bosire ilikabidhi ripoti Februari 2006. Watu wakashtakiwa. Saitoti alikwenda mahakamani na mahakama ikazuia asishtakiwe. Aprili 2008 Pattni aliiachilia hoteli ya Grand Regency, pale katikati ya Nairobi, kwa makubaliano na tume ya kupambana na ufisadi, naye akapata kinga. Ndani ya miezi michache hoteli hiyo ikauzwa kwa Walibya kwa namna iliyozua kelele kiasi kwamba Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, aliondoka ofisini kwa muda. Yaani mali iliyorudishwa kutoka kwa kashfa ilizaa kashfa nyingine kabla shuka hazijabadilishwa. Machi 2013 Jaji Joseph Mutava akasimamisha mashtaka ya Pattni. Jaji huyo akaundiwa jopo la kumchunguza, na mojawapo ya mambo makuu lilikuwa jinsi alivyoishughulikia kesi hiyo. Jopo likapendekeza aondolewe. Alikata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasema ni kweli, aondoke. Jaji akapoteza kazi. Mshtakiwa hakupoteza kitu.

Ukiniambia "hakuwahi kufungwa" baada ya kupitia hayo yote, unanipa ushahidi wangu mwenyewe.

Katikati ya mambo hayo alikuwa ameokoka. Aliacha Uhindu, akajiita Brother Paul, akahubiri. Akawa mwenyekiti wa chama cha siasa, KENDA. Kuokoka kwake simhoji, hilo ni lake na Mungu wake. Ninachohoji ni wepesi wetu. Huku kwetu kijana aliyeiba kuku anaweza kuokoka mara saba na bado mazishini watu wanashika mifuko. Lakini mtu wa mabilioni akishika Biblia tunamsogezea kiti cha mbele na maikrofoni.

Na sasa kile wengi wenu mmekiona wenyewe kwenye simu zenu. Machi 2023 Al Jazeera ilianza kuonyesha mfululizo wa Gold Mafia, waandishi waliojificha wakirekodi wafanyabiashara wa dhahabu ya Zimbabwe. Pattni yumo, zaidi ya miaka thelathini baada ya Goldenberg. Alikana kufanya jambo lolote haramu. Desemba 9, 2024, siku ambayo dunia huadhimisha vita dhidi ya ufisadi, Marekani na Uingereza zikamwekea vikwazo. Marekani ilitaja mtandao mzima wa watu na makampuni, ikidai magendo ya dhahabu, utakatishaji wa fedha na hongo kwa maafisa wa Zimbabwe.

Nilikuwa Khayega siku habari hiyo ilipotoka, nikangoja nione watu watasema nini. Walisema alivyo kichwa. Dunia nzima inamtafuta, ona! Nilijaribu kuuliza: kwani dhahabu hiyo ya Zimbabwe inachimbwa na nani? Si ni watu kama wa Ikolomani, kwa kamba na tochi? Dhahabu ikishafikishwa kwenye tanuru huko ng'ambo na kuyeyushwa na nyingine, haijui tena imetoka shimo gani. Ndiyo uzuri wake kwa mtu mwenye pesa chafu. Inaingia na jasho la mchimbaji, inatoka na risiti safi ya mtu mwingine. Goldenberg ilikuwa dhahabu isiyo na mchimbaji kabisa. Hii ya sasa mchimbaji yupo, ila kwenye karatasi hayupo.

Na karatasi ziko njiani kuja huku tena. Tangu 2020 kampuni ya Shanta Gold imekuwa ikimiliki mradi wa utafutaji uliokuwa wa Barrick, Isulu na Bushiangala ndani yake, na makadirio ya dhahabu iliyo chini ni ya kumfanya mtu akae chini. Familia zinaambiwa habari za kuhama. Kampuni haina uhusiano na Goldenberg, na siiwekei dhambi ya mtu. Ila najua jinsi tunavyojiandaa: badala ya kudai kusoma mkataba, vijana wenzangu wanasubiri kujua ni mkubwa gani wa huku atakayekuwa karibu na mkataba, ili wamwite kichwa mapema.

Kama lazima tuwe na kichwa, mimi ninaye mmoja. David Sadera Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu, kijana wa miaka ishirini na kitu kama sisi, kazi yake ikiwa hizohizo karatasi za malipo ya wauzaji nje. Aliona kampuni moja inalipwa na kulipwa, na akafanya kile ambacho ofisi nzima iliyomzidi vyeo haikufanya. Alinakili hati na kuzifikisha kwa wabunge wa upinzani, Anyang' Nyong'o na Paul Muite, na ndivyo Goldenberg ilivyofika bungeni mwaka 1993. Alikamatwa, akashtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yakaondolewa, lakini kazi ilikuwa imekwenda. Akahamia Mombasa, akaoa, akabangaiza, akarudi kwao Narok. Tume ya Bosire ilipoanza vikao alikuja kutoa ushahidi. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya uadilifu ya Transparency International. Billy Kahora aliandika kitabu kuhusu maisha yake, kitafuteni.

Aliomba arudishiwe kazi yake Benki Kuu. Hakurudishiwa. Alikufa Julai 2006, miezi mitano baada ya ripoti ya Bosire kufika mezani kwa Rais, akiwa hana kazi.